Paa Lililoliwa na Farasi

Sikukuu ya mwaka mpya iliyopita, wajukuu wangu walinivuta hadi kando ya ziwa, hapa Goma, ambako kijana mmoja alikuwa ameleta farasi ili watoto wapande na kupigwa picha. Farasi mwenyewe alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, mafuta yamejaa juu ya shingo mpaka imekuwa ngumu. Watu walimsifia sana. Mjukuu wangu wa mwisho alinyoosha mkono ampe andazi, nami nikajikuta nimeukamata ule mkono kabla haujafika. "Hapana kumupa mukate," nikamwambia yule kijana. "Na umuguse ku kwato kila asubuhi, usikie kama iko na moto." Alinitazama jinsi vijana wanavyomtazama mwanamke mzee aliyekaa sana juani. Sikumlaumu. Wajukuu nao waliona haya kidogo, tukahama tukaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Wewe unayenisoma huna haraka kama wao, kwa hiyo kaa nikueleze nilikoyatoa.

Sisi ni watu wa Karuba, kule Masisi, kwenye vilima ambako ukungu hukaa mashambani mpaka saa tatu za asubuhi. Nazungumzia miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilipokuwa msichana wa miaka tisa hivi. Chini ya kilima chetu kulikuwa na shamba la mzungu mmoja aliyelima pareto na kufuga ng'ombe wa maziwa, na baba yangu alikuwa mtunza farasi wake. Farasi alikuwa mmoja tu, jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Mzungu alimpa jina la Kifaransa lililotushinda kutamka. Kwa kuwa mzungu mwenyewe hakuwa na mke, wafanyakazi walimwita yule farasi Madamu, ila walihakikisha kwanza bwana yuko mbali.

Kazi ya baba ilitupa nyumba ya matofali kando ya banda la farasi, yenye mlango wa mbao na kufuli. Nyumba ya nyanya yangu, mama mzazi wa baba, ilikuwa juu kidogo ya yetu, ya udongo na nyasi, nayo ilikuwa na joto kuliko ya kwetu, jambo ambalo hakuchoka kutukumbusha. Nikiwaza asubuhi za wakati ule nasikia kwanza kipande cha chuma kikigongwa kuwaita watu kazini, halafu kikohozi cha baba akielekea bandani. Harufu ya maua ya pareto kwenye vikaushio ilishuka na moshi, na mimi nilichokora viazi vitamu kwenye majivu kabla sijatumwa maji.

Nyanya ndiye aliyeamua kila mdomo pale kwetu ule nini. Alikuwa amefuga ng'ombe tangu ujana wake, na aliweza kusimama juu ya kinyesi cha ng'ombe akakuambia mnyama huyo jana alilishwa wapi. Mtoto akikohoa, alijua apewe nini. Mwanamke akitoka kujifungua, ni yeye aliyepima siagi ya kumpa. Kwake wembamba ulikuwa aibu ya mwenye nyumba. Mgeni akiondoka kwako na mashavu yaleyale aliyokuja nayo, basi hukumpokea.

Mama yangu hakuwa mtu wa vilima. Alitoka Kashebere, upande wa Walikale, msitu unakoanza, na kwao hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Walikula ndizi, mihogo, samaki wa mtoni na nyama ya porini. Baba alimpata huko alipokuwa akipanda malori ya viazi. Nyanya alimpokea kwa heshima zote za Kikristo, akala sombe yake, majani ya mihogo, miaka yote, na kila mara akasema chumvi imezidi kidogo. Mama alijifunza kunyamaza mbele yake. Hakuwa mwoga, aliona tu kwamba maneno yake hayana pa kukaa.

Mwaka huo, baada ya Noeli, mzungu alipata livu ya kwenda kwao Ulaya mpaka Pasaka ipite. Kabla hajaondoka alimleta fundi akang'oa vile vyuma ambavyo farasi hupigiliwa chini ya kwato, ili miguu ipumzike. Madamu angekaa peku miezi mitatu. Akamwita baba mbele yetu sote, akamwonyesha lundo kubwa la majani makavu lililojaa upande mmoja wa banda, akamwambia kwa Kiswahili chake cha amri: "Atakula hii tu. Majani kavu, maji, na munyu kidogo. Atembee kila siku. Hapana kingine." Akapanda gari akaenda.

Sasa hebu fikiri namna tulivyolisikia jambo hilo. Karuba nzima ilitembea peku. Mimi mwenyewe kiatu changu cha kwanza nilikivaa siku ya Komunyo, na kiliniuma. Ukituuliza habari ya miguu mitupu juu ya mawe, tulikuwa mabingwa. Na kila mtu alijua kwamba anayetembea peku kwenye mawe na baridi anahitaji chakula kitakachomshika. Nyanya alishuka siku ya pili kukagua, akachukua konzi moja ya yale majani makavu, akayavunja kwa vidole, akayanusa, akayatupa.

"Hii iko kintu ya kulalia," alimwambia baba. "Muzungu anamunyanganya viatu, na chakula tena anamunyima. Atakuja kukuta mifupa, na watu watasema ni kwako njo alikondea."

"Mama, njo vile bwana alisema."

"Bwana alizaliwa ku ngombe?"

Mama yangu alikuwa mlangoni na kapu la maharage. Akasema polepole kwamba mwenye mnyama ndiye aliyesema majani makavu, labda anajua sababu. Nyanya hakumgeukia. "Weye ulitoka mu pori," alisema. "Unajua nini ya kufuga?" Mama akaendelea kuchambua maharage yake.

Baba alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini mbele ya mama yake alibaki mtoto. Akafanya alivyoambiwa. Lile lundo la majani makavu tulilitandaza bandani likawa kitanda cha Madamu, kitanda kinene kizuri, na kilichobaki majirani walijaza kwenye magodoro yao. Hakuna aliyeona ubaya. Nami niliomba la kwangu nikalilalia wiki nzima, likanichoma mgongo.

Kisha tukaanza kumpokea mgeni kama inavyofaa. Mwezi wa kwanza huko kwetu mvua husimama kidogo, na wafugaji huchoma vilima. Nyasi kuukuu zinaungua zote, mlima unabaki mweusi kama chungu, halafu mvua ya kwanza ikinyesha yanachipuka majani machanga mabichi, laini, matamu, ambayo ng'ombe akiyala maziwa yanaongezeka kwa siku chache. Ndiyo desturi. Mwaka huo walichoma Karuba yote, na vilima vya jirani vilevile, mpaka moshi ukatuuma macho kanisani. Majani yalipochipuka, baba alimfungulia Madamu akashinda juu mlimani kutwa nzima na ng'ombe. Jioni alirudi akakuta maganda ya viazi vitamu, ndizi zilizoiva kupita kiasi, na machicha ya pombe ya mtama ambayo nyanya alimtolea mwenyewe kwenye kitunga, yakiwa bado na uvuguvugu. Wanawake wa kilima walimletea pia. Ukipita kwenye nyumba yenye mgeni huendi mikono mitupu.

Madamu alinenepa. Akang'aa. Juu ya shingo ukajaa mstari wa mafuta, na nyanya akauminya na kusema, "Sasa njo nyama." Jumapili baada ya Misa watu walipitia bandani kumwona, na baba alisimama pembeni, anajifanya anatengeneza kamba. Nilijivuna shuleni. Nilisema farasi wetu, wala sikusema farasi wa mzungu.

Karibu na mwanzo wa Kwaresima, asubuhi moja, Madamu alikataa kutoka. Baba alivuta kamba, yeye akaegemea nyuma, ameitanguliza miguu ya mbele kama mtu aliyekanyaga makaa. Pale mlangoni palikuwa na mawe aliyokuwa akiyapita kila siku. Aliyatazama tu. Baba alipoinua mguu akashika ukwato, akautua haraka, akaniita. "Weka mukono hapa," alisema. Ulikuwa wa moto. Sikujua kwamba kitu kigumu namna ile kinaweza kuwa na homa.

Karani wa shamba alikuja saa sita, mtu wetu aliyevaa kaptura zilizopigwa pasi, aliyebaki na funguo zote. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia ukweli, ila alipenda kuwa wa kwanza kuleta habari. Alimzunguka Madamu, akatikisa kichwa. "Ile farasi ingine, ya kwanza, ilikuwa inachechemea vile vile," alisema. "Bwana alichukua bunduki, akamupiga hapa." Akagusa paji la uso wake. "Akirudia akute hii iko inachechemea, ataiua. Na weye, Papa, utatoka mu nyumba."

Baba akamuuliza bwana atarudi lini.

"Juma ya nyuma ya Pasaka."

Basi, mambo yalikuwa hayo. Tulikuwa na kipindi cha Kwaresima kumfanya Madamu atembee, au afe yeye na sisi tuhame. Mama alikuwa na mimba. Kurudi Kashebere haikuwezekana, maana wazazi wake walishakufa, na nyumba ya nyanya ilikuwa chumba kimoja chenye paa lililochoka.

Tulijaribu yote tuliyoyajua. Baba alikanda kwato kwa udongo wa kijitoni. Jirani mfugaji alishauri tutoboe mshipa wa shingo damu itoke, kama wanavyofanyia ng'ombe, baba akaogopa. Mama alisali rozari bandani. Mimi nilipewa kazi ya kumwagia maji ya baridi kwenye miguu kila alfajiri kabla ya shule, na kabla ya kumwaga niliweka kiganja changu kwenye kila ukwato, kwa sababu baba alitaka kujua. Nyanya naye alifanya lililokuwa la kwake. "Mugonjwa anapashwa kula," alisema, akaongeza machicha, akamchumia majani machanga kwa mkono kwa kuwa farasi hawezi kupanda mlima. Madamu alikula yote kwa adabu, na siku zilivyokwenda akaanza kulala chini mchana, kitu ambacho hakuwa akikifanya.

Ijumaa za Kwaresima tulifunga wote. Nyanya alikuwa Mkristo wa zamani, wa wale waliobatizwa kwanza kilimani, na Ijumaa hakuruhusu moto jikoni mpaka jioni. Tulitoka asubuhi na mapema kwenda misheni kwenye Njia ya Msalaba, mwendo mrefu, tukarudi jua likishuka, na siku hiyo Madamu alishinda bandani peke yake. Hakuna aliyemtupia chochote. Akala kitanda chake. Tulirudi tukakuta amechimba kwa midomo mpaka udongoni, akitafuta yale majani makavu yaliyokuwa chini, yasiyo na kinyesi.

Jumamosi yake niliweka kiganja, nikaona nimekosea. Nikarudia. Jumatatu ukwato ulikuwa na moto kama kawaida. Ijumaa iliyofuata tulifunga tena, tukaenda misheni tena, na Jumamosi nikaweka mkono, kisha nikauweka shavuni kwangu, kisha kwenye ukwato. Nikamwita baba.

"Leo haina moto," nilisema. "Na Jumamosi ile ingine haikukuwa na moto. Anapona tukifunga."

Baba alichuchumaa pale, ameshika ukwato kwa mikono miwili. Sikujua anawaza nini, ila sasa najua. Alikuwa akimsikia mzungu akisema hii tu, hapana kingine. Na alikuwa akiwaza jinsi ya kumwambia mama yake.

Daktari wa mifugo niliyekutana naye nikiwa mtu mzima alinieleza kwamba majani machanga yana sukari nyingi, na nafaka pia, na ndizi. Ng'ombe ana tumbo la kuyamudu. Farasi hana, na sukari ikizidi, ubaya wake unashukia kwenye kwato, nyama ya ndani inavimba na haina pa kuvimbia. Aliye peku ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu anakanyaga jiwe moja kwa moja. Chakula chake ni majani yaliyokomaa na kukauka, mengi, yasiyo na utamu, ayatafune kutwa. Alinieleza kwa dakika tano. Sisi yalitugharimu Kwaresima nzima.

Baba alimwambia nyanya siku hiyohiyo, nje ya nyumba yake, amevua kofia. Nilikuwa nyuma yake na ndoo. Alisema machicha yaishe, na ndizi, na majani machanga. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unasema miye njo ninamuua," alisema.

"Sikusema vile, Mama."

"Umesema."

Akaingia ndani akafunga mlango. Hakushuka kwetu siku mbili, na siku hizo mbili chakula kilikuwa kibaya kwa sababu kila mtu alikula akitazama juu kwake.

Lakini shida ilikuwa kubwa kuliko kununa. Majani makavu yalikuwa wapi? Kitanda cha Madamu kilikuwa kimebaki kinyesi na matope. Magodoro ya majirani yalishanuka mikojo ya watoto. Na mlima wote ulikuwa umechomwa. Popote ulipotazama palikuwa na kijani kibichi kinachong'aa, kizuri cha kupendeza, na hapakuwa na hata konzi moja ya kumpa. Ndipo nilipojua mtu anaweza kuzungukwa na chakula akakosa cha kulisha. Baba alimfungia Madamu ndani, akaenda Mushaki kutafuta, akakuta wamechoma. Akaenda mpaka Burungu, akalala njiani, akarudi na furushi moja dogo kichwani alilolikata kwenye uzio wa makaburi. Madamu alilimaliza kabla ya jioni. Baba akakaa kwenye jiwe la mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona hana la kufanya. Iliniogopesha kuliko bunduki.

Kulikuwa na majani makavu mahali pamoja tu Karuba nzima, na sote tulipajua, na hakuna aliyepataja. Kabla ya kuchoma mlima, baba na majirani walikuwa wamekata nyasi ndefu zilizokomaa kwenye bonde ili kuezeka upya paa la nyanya. Mafurushi yalisimamishwa kando ya ukuta wake, chini ya upenu wa paa, makavu, ya rangi ya asali, yamefungwa kwa ustadi. Yalikuwa yakingoja baba apate nafasi. Paa lile la zamani lilishatoboka upande wa kitanda, na mvua kubwa za mwezi wa tatu zilishaanza kuonja vilima. Mtoto hawezi kumwomba mama yake paa. Sisi wengine ndio kabisa.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilikwenda bandani na maji nikamkuta nyanya yupo. Alikuwa ameshuka na furushi moja kichwani, amelifungua chini, anachambua. Alinusa kila konzi. Zilizokuwa na ukungu alizitupa pembeni, akakung'uta vumbi kwenye zilizobaki. Alifanya kazi ile kama alivyofanya kila kazi, kana kwamba kuna mtu anayemtazama ili ajifunze. Baba alikuja akasimama. Nyanya hakumwangalia. Aliangalia nyuma yake, mlangoni, alikosimama mama yangu ameshika kiuno.

"Weye njo ulisema majani kavu," alimwambia. "Kuja, umupe."

Mama akaenda. Akapokea zile nyasi kutoka mikononi mwa mama mkwe wake, akaziweka mbele ya Madamu. Wanawake wale wawili wakasimama bega kwa bega wakimsikiliza akitafuna. Nyasi za kuezekea zina mlio mkubwa mdomoni. Nilitaka kulia na sikujua ni kwa nini, nikamwaga maji yangu nikakimbilia shule.

Kila siku furushi moja, wakati mwingine mawili. Mama ndiye aliyepima, nyanya ndiye aliyechambua. Mvua zikaja zenyewe. Kwanza nyanya aliweka sufuria chini ya tundu, baadaye sufuria na chungu, baadaye akasogeza kitanda. Baba alimsihi ahamie kwetu, akasema nyumba yake ina joto. Hata ilipokuwa na kidimbwi katikati alisema ina joto. Mwishoni upande mmoja wa paa ulikaa chini asubuhi moja, taratibu, kama mtu aliyechoka, na mama akapanda hadi kwake bila kumuuliza mtu, akamletea nyanya mkeka wake na msalaba wake na vyungu vyake, akavipanga jikoni kwetu karibu na moto. Nyanya alilala hapo. Ukuta ulikuwa umelainika, na boriti zilikuwa zimeoza. Nyumba ile haikusimama tena.

Ukwato ulipoa Jumamosi na ukabaki umepoa Jumatatu. Wiki ya mateso Madamu alitoka hadi mlangoni. Pasaka alipita kwenye mawe, polepole, akichagua. Wiki iliyofuata gari la mzungu likapanda kilima, na baba akamtoa akiwa peku, akamtembeza mbele ya kila mtu hadi kwenye ngazi za nyumba kubwa. Kwangu hakuna aliyewahi kutembea vizuri kama yule farasi siku ile.

Mzungu alimtazama, akasema neno moja. "Amekonda."

Karani alikuwa nyuma yake. Mzungu akamwambia baba kuanzia leo ampe mahindi, makopo mawili asubuhi, makopo mawili jioni, arudishe mwili. Baba alikuwa ameshika kamba. Watu wa zamani wanajua ilikuwa ni jambo gani enzi zile, mtu mweusi kumkatalia mzungu mbele ya wafanyakazi.

"Hapana, bwana," baba alisema. "Mahindi hapana."

Mzungu akashuka ngazi. Nilidhani anakuja kumpiga. Akainama, akainua mguu wa mbele, akaufuta matope kwa kidole gumba, akaona pete iliyozunguka ukwato, alama inayobaki farasi akishapitia ile homa. Akainua wa pili. Alipoinuka hakuwa na hasira tena, alikuwa na uso wa mtu aliyechungulia shimo.

"Ulimupa nini, akapona?"

Baba angeweza kusema mengi. "Majani kavu," alisema. "Njo vile bwana alisema."

Hakusema majani hayo yalitoka wapi. Mzungu hakuuliza, na toka siku hiyo hakumwingilia baba tena kuhusu chakula cha Madamu, wala hakumpigilia vyuma. Nyumba ya matofali tukabaki nayo. Kaka yangu mdogo alizaliwa ndani yake mwezi wa tano, na nyanya alipima siagi kama kawaida, ila sasa alimuuliza mama kama imetosha.

Mengine unayajua, au unaweza kuyadhani. Mzungu aliondoka Uhuru ulipokaribia. Madamu alipakiwa kwenye lori, baba akamrushia dereva furushi la majani makavu na kumweleza kila kitu, naye dereva akacheka akawasha gari. Hatukupata kujua alifika wapi. Vikaushio vya pareto vilibomolewa, tofali moja baada ya jingine yakaenda kujenga nyumba za watu. Leo ukienda Karuba hukuti paa la nyasi, mabati yanamulika kilima chote, na mlio wa mvua ni mwingine. Sidai kwamba ya zamani yalikuwa bora. Paa lile lilivuja, na bunduki ile ilikuwa ya kweli.

Nyanya alikufa jikoni kwetu, miaka michache baada ya hayo, karibu na moto aliouzoea. Siku zake za mwisho tumbo lilikataa kila kitu. Majirani walikuja na siagi, na maziwa, na mchuzi wa kuku, kila mmoja akisema hiki ndicho kitakachomshika. Nyanya aliinua mkono, wakanyamaza, maana hata amelala alikuwa bado ni yeye. Akamwangalia mama yangu.

"Unipe ile weye unaona iko muzuri," alimwambia. "Miye sitachagua tena."

Mama alimpikia uji mwembamba wa mtama, bila sukari, bila maziwa, akamnywesha kwa kijiko mpaka bakuli likaisha. Nyanya hakusema lolote kuhusu chumvi. Wote waliokuwa mle jikoni wamekwisha, nimebaki mimi, na nikishakwenda hakutakuwa na mtu wa kusema kwamba mwanamke wa Kashebere, asiyejua ng'ombe, ndiye aliyechaguliwa kumlisha nyanya yangu.